Lucy King na Nyuki wa Sagalla: Vile Sayansi Iliingia Shambani Karibu na Voi

Ukisafiri na basi ya usiku kwenda Mombasa, Voi ni pale dere anasimamisha watu wakunywe chai, wanyooshe miguu, halafu safari inaendelea. Wengi wetu Voi tunaijua hivyo tu. Lakini toka hapo stendi uelekee Sagalla na utapata watu ambao jirani yao ni ndovu. Si ndovu wa picha. Ni ndovu wa kuingia shamba saa nane usiku na kumaliza mahindi ya msimu mzima kabla jogoo awike.

Huko Sagalla ndiko mwanabiolojia anaitwa Dkt. Lucy King amefanya utafiti ambao sasa unafuatwa katika zaidi ya nchi 20 za Afrika na Asia. Silaha yake? Nyuki. Na hii si stori ya jaba. Soma hadi mwisho, juu kuna kitu hapa kuhusu sayansi ambacho darasani wengi wetu hatukuambiwa.

Lucy King kwa ufupi

- Kazi: mtaalamu wa wanyama, anaongoza mpango wa binadamu na ndovu kuishi pamoja katika shirika la Save the Elephants.
- Alikolelewa: ni Muingereza aliyekulia Afrika. Kenya, Somalia na Lesotho zote ziko kwa stori ya utoto wake.
- Masomo: digrii ya zoolojia Chuo Kikuu cha Bristol, kisha uzamili na PhD pale Oxford.
- Tuzo: mwaka wa 2011 PhD yake ilipata tuzo ya tasnifu kutoka kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa unaolinda wanyama wanaohamahama. Mwaka wa 2013 akabeba St Andrews Prize for the Environment na Future For Nature Award.
- Anajulikana kwa: fensi ya mizinga ya nyuki.

Kwanza, shida yenyewe ni gani?

Angalia ramani ya Taita Taveta. Karibu asilimia 62 ya kaunti yote iko ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Watu wanaishi kwa ile sehemu imebaki. Kwenye hesabu ya wanyamapori ya mwaka wa 2021, Kenya ilipatikana kuwa na ndovu 36,280, na karibu 15,000 kati yao walikuwa eneo la Tsavo. Yaani ndovu wengi kuliko mahali pengine popote nchini wanapumulia shingo ya Sagalla, Mwatate, Kasigau na vijiji vingine vya hapo kando.

Sasa jiweke kwa viatu vya mkulima. Ako na ekari moja au mbili. Amepanda mahindi, kunde na ndengu. Mvua huku ni ya kubahatisha, so msimu ukikubali ni baraka. Halafu wiki ile mazao yanaiva, kundi la ndovu linapitia hapo usiku mmoja. Hiyo si chakula peke yake imeenda. Ni karo, ni deni ya mbegu, ni sare ya shule. Ukitoka nje na tochi na debe kuwafukuza, unaweza kosa kurudi kwa nyumba. Na mtoi anayeenda shule alfajiri anaweza patana nao njiani.

Upande ule mwingine, mkulima akichoka anatafuta sumu au mkuki, na ndovu anakufa. Hakuna anayeshinda. Hiyo ndiyo vita Lucy King alikuja kuchunguza.

Stori haikuanza Oxford

Hapa ndipo inabamba. Wazo la nyuki halikutoka kwa maabara. Wenyeji kaskazini mwa Kenya walikuwa wanajua kitambo kwamba ndovu hagusi mti uliona nyuki. Watafiti wawili, Iain Douglas-Hamilton, mwanzilishi wa Save the Elephants, na Fritz Vollrath wa Oxford, waliichukulia hiyo stori serious. Wakatundika mizinga kwa miti huko Laikipia, wakahesabu miti gani inavunjwa na gani inaachwa. Mwaka wa 2002 wakachapisha matokeo: ndovu kweli waliikwepa miti iliyokuwa na mizinga.

Ndovu ana ngozi nene, so anaogopa nini? Nyuki hawaumi pale ngozi ni ngumu. Wanaenda kwa macho, nyuma ya masikio, na ndani ya mkonga. Na mtoto wa ndovu ngozi yake bado ni laini. Akivamiwa na mzinga mzima, ni noma.

Lucy alichukua hapo akauliza swali moja dogo: je, sauti ya nyuki peke yake inatosha kumfukuza ndovu?

Jaribio la spika

Huko Samburu na Buffalo Springs, alificha spika karibu na familia za ndovu waliokuwa wamepumzika kwa kivuli. Akacheza sauti ya nyuki waliosumbuliwa. Ndani ya sekunde 80, familia 16 kati ya 17 zilikuwa zimehepa.

Lakini subiri. Labda walihepa tu kwa sababu kuna kelele? Swali poa. Ndio maana familia zingine zilichezewa kelele ya kawaida, kama ya maji yanayoanguka, kwa spika hiyo hiyo. Hapo ni robo hivi tu walioondoka kwa muda huo. Kwa hivyo shida haikuwa kelele, shida ilikuwa nyuki. Matokeo yakachapishwa mwaka wa 2007 kwenye jarida la Current Biology.

Mwaka wa 2010 timu yake ikaongeza lingine: ndovu wakisikia nyuki wanatoa mngurumo wa kipekee wa kuonyana, huku wakitikisa vichwa. Wenzao wakichezewa huo mngurumo peke yake, bila nyuki, nao wanaondoka. Yaani ndovu wanaambiana, "Wasee, tusepe."

Fensi ya mizinga inafanya aje?

Usifikirie ukuta. Ni rahisi kuliko hivyo:

1. Unasimamisha vigingi kuzunguka shamba.
2. Kati ya vigingi unatundika mzinga kwa waya, chini ya ka-paa ka kuzuia jua. Kila baada ya mita 10, kitu kimoja kinaning'inia.
3. Si vyote ni mizinga halisi. Kati ya mzinga na mzinga kuna wa bandia, kipande cha mbao tu. Inapunguza gharama, na ndovu usiku hana muda wa kuchunguza.
4. Waya mmoja wenye nguvu unaunganisha yote.

Ndovu akijaribu kupita katikati, anasukuma waya. Waya unatikisa mizinga. Nyuki wanatoka wakiwa wamekasirika. Story imeisha.

Cheki hesabu. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Kama ni mraba, kila upande ni mita 64 hivi, so mzunguko ni karibu mita 254. Gawanya kwa 10 unapata kama 25. Ndiyo maana hesabu ya mradi huwa mizinga 12 halisi na 12 ya bandia kwa ekari moja. Ile hesabu ya eneo na mzunguko uliyokuwa unauliza "itanisaidia wapi maishani?" iko hapo.

Kutoka mizinga mitupu hadi Sagalla

Jaribio la kwanza la fensi lilifanywa Laikipia, kwa shamba la ekari mbili. Fensi ya mita 90, mizinga 9, na yote ilikuwa mitupu. Hakuna nyuki hata mmoja. Bado shamba hilo liliingiliwa mara chache kuliko la jirani ambalo halikuwa na mizinga, na mavuno yakawa mazuri zaidi. Hiyo iliandikwa mwaka wa 2009. Miaka miwili baadaye wakachapisha majaribio makubwa zaidi ya kaskazini mwa Kenya, yakilinganisha mizinga na ua wa miiba wa kawaida. Ni ndovu dume mmoja tu aliyevunja fensi ya mizinga, mara moja.

Halafu ikaja Sagalla, kando ya Tsavo Mashariki. Kutoka 2012 hadi 2015, mashamba 10 ya karibu ekari moja moja yaliwekewa fensi. Hizi ndizo nambari, zilizochapishwa mwaka wa 2017:

- Mizinga 131 iliwekwa, na asilimia 88 iliingiwa na nyuki angalau mara moja.
- Ndovu 253 waliingia eneo la mashamba, hasa wakati mazao yanaiva.
- Asilimia 80 ya ndovu waliokaribia mashamba hayo walizuiwa.
- Wakulima waliuza kilo 228 za asali.
- Majirani 12 waliona, wakaomba kuingia. Mashamba yakafika 22, mizinga 297.

Kumbuka kitu kimoja: kila shamba lenye fensi lilikuwa na kipande kingine cha ukubwa huo huo, shamba lile lile, bila fensi. Hicho kipande cha kulinganishia ndicho kinafanya hii iwe sayansi. Bila hicho, mtu angesema, "Labda ndovu hawakuja tu mwaka huo," na hungekuwa na jibu.

Sasa ile sehemu watu huficha

Mradi mwingi ukifanikiwa, unapiga picha, unafunga. Hawa waliendelea kuhesabu kwa miaka 9, mashamba 26, karibu ndovu 4,000 waliokaribia. Matokeo yalitoka mwaka wa 2024. Misimu ya mazao yakiwa tele, fensi zilizuia hadi asilimia 86 ya ndovu. Fiti kabisa.

Lakini ukame wa 2017 uliwapiga. Hakuna mvua, hakuna maua. Hakuna maua, nyuki wanahama. Mizinga iliyokuwa na nyuki ilipungua kwa asilimia 75, na ilichukua miaka 3 hali kurudi. Na fensi ikikosa nyuki, ndovu anajua.

Asali nayo? Kwa hiyo miaka 9 ilitoka kama tani moja, ya thamani ya dola 2,250. Gawanya kwa mashamba 26 unapata kama dola 86 kwa kila shamba, kwa miaka yote 9. Kwa hivyo mtu asikudanganye ati utaomoka na asali ya Sagalla. Faida kubwa ni yale mahindi ambayo hayakuliwa.

Lucy na timu yake waliandika hayo yote, mazuri na mabaya, kwa jina lao. Mtu wa kuuza dawa ya miujiza pale stendi hawezi kufanya hivyo. Mwanasayansi lazima afanye, la sivyo mkulima wa Sri Lanka au Msumbiji atajenga fensi mwaka wa ukame bila kujua kinachomngoja.

"Lakini mzungu tena?"

Najua umeshawaza. Maarifa yalikuwa ya wenyeji, tuzo zikaenda Ulaya. Ni swali halali na si la kuzimwa na kicheko.

Jibu liko pande mbili. Pande ya kwanza: angalia utafiti wa Sagalla wa 2017. Pamoja na King na Douglas-Hamilton kuna majina matatu: Fredrick Lala, Hesron Nzumu na Emmanuel Mwambingu. Hawakutajwa kwa shukrani mwisho wa ukurasa. Wao ni waandishi. Na zile nambari zote zilitoka kwa watu wa kutembea shambani asubuhi, kupima nyayo, kuhesabu ndovu, kukagua mizinga, mwaka baada ya mwaka. Pia, mwongozo wa kujenga fensi hiyo uko bure mtandaoni. Yeyote anaweza kuusoma na kujenga bila kumlipa mtu.

Pande ya pili ni ngumu zaidi. Wazee walijua ndovu huogopa nyuki, lakini kujua bila kupima na kuandika kulibaki kijijini. Aliyekuwa na mafunzo ya kupima ndiye aliyebeba stori hadi duniani. Ukitaka jina linalofuata juu ya utafiti wa Tsavo liwe la mtu wa Mwatate, dawa si kukasirika. Dawa ni mtoi wa Mwatate afunzwe kupima akiwa bado mdogo.

Kuna wa kwetu amepitia njia hiyo

Usidhani ni ndoto. Pale Voi kuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Kilikuwa tawi la JKUAT kabla ya kupata hati yake ya chuo kikuu kamili Oktoba 2016. Aliyekiongoza wakati huo wa kukua ni Prof. Hamadi Boga, mwanamikrobiolojia kutoka Kwale.

Yeye hakuchunguza ndovu. Alichunguza tumbo la mchwa. Eh, mchwa. Ndani ya ule mdudu kuna bakteria wanaosaidia kumeng'enya chakula, na mwaka wa 2003 Boga na wenzake walieleza spishi mpya ya bakteria kutoka tumbo la mchwa, wakaiita Sporomusa aerivorans. Baadaye akaongoza chuo Voi, kisha mwaka wa 2018 akawa katibu wa wizara anayesimamia utafiti wa kilimo. Kutoka kwa mchwa hadi kwa gava, njia ikiwa ni kuuliza swali moja kwa makini.

Shule inakosea wapi?

Wengi tulifunzwa biolojia kama mashairi ya kukariri. Taja sehemu saba za ua. Chora figo. Mtihani ukiisha, yote yanatoka na jasho. Jaribio lenyewe unafanya ukijua jibu tayari, na ukipata jibu lingine unabadilisha nambari ndiyo mwalimu asikukate.

Hilo la mwisho ndilo sumu. King angebadilisha nambari za ukame, utafiti wake wote ungekuwa takataka.

Sasa mfumo wa CBE umefika sekondari ya juu, Gredi 10 hadi 12, na mkondo wa STEM ni mmoja kati ya mitatu. Kwa karatasi ni poa. Lakini shule nyingi hazina maabara ya maana. Habari njema ni kwamba fensi ya Sagalla haikuanza na maabara. Ilianza na swali, daftari na kipande cha kulinganishia. Hivyo vitatu mwalimu yeyote wa Voi, Taveta au Kayole anavyo.

Jaribu hii na mbogi yako

Shosh wako ushago hurushia sukuma majivu ati yafukuze wadudu. Ni kweli ama ni mazoea? Usibishane, pima.

1. Chukua vitanda viwili vya sukuma vya ukubwa sawa, udongo sawa, maji sawa.
2. Kimoja weka majivu, kingine acha vile kilivyo.
3. Kila kitanda chagua majani 10 na uyawekee alama. Hesabu wadudu kwa majani hayo hayo, saa ile ile, kwa siku 14.
4. Andika kila nambari, hata ile haikufurahishi. Mvua ikinyesha na kuosha majivu, andika pia.
5. Linganisha. Kisha mpe mtu mwingine arudie, uone kama atapata kitu kile kile.

Ukifanya hivyo, umefanya kile King alifanya na spika Samburu. Tofauti ni ukubwa wa mnyama.

Na kama unataka hii iwe kazi yako?

Biolojia, hesabu na kemia ndizo za kushikilia. Hesabu hasa, juu kazi ya mwanabiolojia wa leo nusu yake ni takwimu. Huko juu kuna kozi za wanyamapori, mazingira na kilimo katika vyuo vya umma, na kuna taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori kule Naivasha. Ukingoja nafasi, iNaturalist na Kenya Bird Map hupokea rekodi kutoka kwa mtu yeyote aliye na simu. Na kama uko Taita, uko na bahati: kule vilimani kuna ndege wawili, Taita apalis na Taita thrush, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wako hatarini, na kila rekodi iliyoandikwa vizuri inahesabika.

Ndovu watarudi Sagalla msimu ujao mazao yakiiva, na ukame nao utarudi. Bado hakuna aliyepata njia ya kuzuia nyuki wasihame maua yakikauka. Swali hilo liko wazi, liko kilomita chache kutoka Voi, na halijali ulipata gredi gani. Nani analichukua?